Dawa ya siku tatu: kusoma maneno ya pomadi za mapajani

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki filamu, nyimbo na hotuba za wakubwa. Leo naleta maneno ya aina ingine, ambayo karibu kila mmoja wetu ameyasikia ao kuyasoma, lakini ni wachache wanaokubali kwamba yaliwahusu: maneno ya pomadi za mikoze. Yale ya megafoni pale soko kuu, yale yaliyoandikwa juu ya tyubu, yale ya notisi iliyokunjwa ndani ya boksi, yale ya afishi za kituo cha afya. Hapa Kisangani hiyo ni fasihi kubwa. Inasikilizwa kutwa nzima, kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kifaransa, na watu wanaitii kwa ngozi yao wenyewe. Mshairi gani wetu anapata wasikilizaji wa namna hiyo? Na bado haina mhakiki.

Mimi ninaishi na mikoze ya mapajani tangu gradua ya pili, mwaka wa nane sasa. Inalala, inaamka, inalala tena. Nasema wazi maana sioni kwa nini mtu wa malaria aandike "niliugua malaria" na mtu wa mikoze aandike "kuna rafiki yangu mmoja". Halafu nimesoma agronomia. Miaka ile yote ya kuangalia kuvu za mihogo, za kahawa na za mahindi ya ghalani imenitoa subira na mtu anayezungumzia kuvu kama mgeni ambaye ataondoka akionyeshwa mlango.

Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta. Hakuna mwezi usio na mvua. Kwa mwaka mzima inafika milimita 1700 hadi 1800 hivi. Shati la kufuliwa Jumatatu unaweza kulivaa Jumatano likiwa bado na harufu ya maji. Ongeza jinzi ya kubana, ongeza kukaa juu ya moto kutoka Mangobo hadi Makiso na jua la saa saba, ongeza chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha moja. Kuvu inataka joto, unyevu na giza. Haiulizi kama ni gunia la mahindi ao ni paja la lisansie.

Tuanze na megafoni, maana ndiyo yenye nguvu. Sauti imerekodiwa mara moja, inazunguka mpaka betri ichoke. Mbinu yake ya kwanza ni orodha: gale, mikoze, mba, chunusi, mapunye, miguu kunuka, hemoroide, na mwishoni kabisa, sauti ikishuka kidogo, "na ile ya fasi ya siri". Wasikilize vizuri siku moja. Kule kushuka kwa sauti ndiyo sehemu pekee ya usanii wa kweli katika tangazo lote. Mtunzi wake anamjua mnunuzi wake: anajua kwamba mtu huyo hatasimama. Atapita, atazunguka kwenye viatu vya mitumba, atarudi, atanunua kwanza dawa ya meno, kisha ataonyesha tyubu kwa kidole bila kutaja jina. Tangazo limemuita bila kumtaja mbele ya watu. Hiyo ni heshima kubwa kuliko ile anayoipata sehemu nyingi anakoenda kutafuta dawa, na ndiyo maana linauza.

Lakini orodha hiyo hiyo inafanya kosa ambalo mtu wa shamba hawezi kulisamehe. Gale ni kadudu. Mikoze ni kuvu. Chunusi ni kitu kingine, hemoroide hata si ugonjwa wa ngozi. Ukiziweka zote katika pumzi moja, na tyubu moja mwishoni, umemfundisha msikilizaji kwamba ngozi ina ugonjwa mmoja tu unaoitwa kuwashwa. Ni sawa na kumwambia mkulima wa Bengamisa kwamba viwavi, kuvu na ukosefu wa azoti ni kitu kimoja kwa sababu vyote vinaharibu jani.

Mbinu ya pili ni namba. Siku tatu! "Siku tatu, inamaliza." Hapa nataka kuwa mwenye haki kwa megafoni, maana watu husema tu "ni waongo" na kupita. Si uongo mtupu. Nyingi ya pomadi hizo zina kotizoni kali, mara nyingi klobetasoli, ambayo ni kati ya zile zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa kwenye ngozi. Ukiipaka juu ya mikoze, siku ya pili kuwashwa kunapungua, siku ya tatu wekundu unafifia, usiku unalala. Mteja anaona kwa macho yake mwenyewe kwamba megafoni ilisema kweli. Ila kotizoni haiui kuvu. Inanyamazisha ulinzi wa mwili uliokuwa unapigana nayo. Ule moto uliokuwa unakuwasha ulikuwa ni askari wako. Kuvu inabaki inakula kimya kimya, inapanuka, inapoteza ile duara yake yenye ukingo mwekundu ambayo daktari angeitambua, na siku ukiacha kupaka inarudi na ndugu zake. Basi unanunua tyubu ingine. Siku tatu tena, na tena inamaliza.

Mihogo inatufundisha jambo hili vizuri. Shina lina uozo wa mizizi, majani yanageuka manjano. Mtu anamwaga urea. Majani yanapata kijani, jirani anasifu, na chini ya udongo mzizi unaendelea kugeuka uji. Hakuna aliyedanganya kuhusu majani.

Sasa tyubu yenyewe. Juu yake mara nyingi hakuna picha ya paja, wala ya mguu, wala ya kuvu. Kuna uso wa mwanamke mweupe kuliko mtu yeyote wa Tshopo. Maana tyubu ile ile inayouzwa kwa mikoze ndiyo inayouzwa kwa kujichubua. Kwa mhakiki, hili ni jambo la ajabu: kitu kimoja, picha moja, wasomaji wawili ambao hawajuani. Dada anainunua kwa sababu ya picha. Kaka anainunua licha ya picha. Na wote wawili wanasoma ahadi moja, kwamba alama itafutika. Kaka ambaye paja lake limekuwa jeupe na lina michirizi kama ya mama aliyezaa anadhani ni ugonjwa umemfanya hivyo. Ni pomadi. Ile michirizi ni ngozi iliyokondeshwa ikapasuka kwa ndani, na haifutiki.

Notisi? Notisi ni andiko la kweli, nalo linasikitisha zaidi kwa sababu hiyo. Ya klobetasoli inasema usipake kwenye maambukizi ambayo hayajatibiwa, inasema muda mfupi tu, kwa kawaida wiki mbili, inasema ujiepushe na uso, kwapa na mapaja ya ndani. Kila kitu ambacho mtu wa mikoze alihitaji kujua kimeandikwa mle. Lakini kimeandikwa kwenye mkunjo wa nne, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwa Kifaransa cha fakilte ya udaktari ao kwa Kiingereza. Na zaidi ya yote, sokoni tyubu inauzwa uchi. Boksi limetupwa ili mizigo iwe myepesi. Katika farmasi moja ya mtaani niliomba notisi kabla ya kulipa, na kijana wa kuuza akacheka, bila ubaya:

"Yaya, unataka kupaka ao unataka kusoma?"

Tangu siku ile sijasikia mtu akieleza kwa ufupi zaidi hali ya usomaji katika mji huu.

Kwa nini mapaja ya ndani? Notisi haielezi, inakataza tu, na hapo mimi naona udhaifu wake mkubwa. Mwaka 1967, watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipima ni kiasi gani cha haidrokotizoni kinapita kwenye ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Ngozi ya korodani ilipitisha mara 42 kuliko ngozi ya mkono, upande wa ndani chini ya kiwiko. Arobaini na mbili! Ngozi ile ni nyembamba, ina joto, imefunikwa, na kila kinachopakwa pale kinaingia. Mtu akijua hilo, hahitaji kukatazwa. Tumezoea kuandikiwa amri kana kwamba sababu ni mali ya wenye shahada peke yao. Na sisi wenye shahada je? Mabuku yetu ya mwisho wa masomo yamejaa kuvu. Tunazijua kwa majina ya Kilatini, tunazitetea mbele ya jury kwa Kifaransa, tunapigiwa makofi. Hakuna hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaofika kwa yule kijana wa farmasi.

Kuna pomadi zingine zinazochanganya vitu vitatu katika tyubu moja: kotizoni kali, dawa ya kuvu, na antibiotiki. Zinaonekana za kisomi zaidi, kama meza yenye sahani tatu. Mpakaji anaacha siku ya nne kwa sababu kuwashwa kumeisha, na dawa ya kuvu iliyokuwemo imepata siku tatu badala ya wiki zake. Mwenye kupulizia dawa nusu kipimo shambani anajua kinachofuata: wanaobaki ni wale walioizoea. Huko India madaktari wa ngozi wamelalamika kwa miaka kuhusu mchanganyiko wa namna hiyo unaouzwa bila karatasi ya daktari. Mwaka 2020 kuvu moja iliyotoka kwa wagonjwa wa India na Nepal ilipewa jina lake, Trichophyton indotineae, na nyingi kati yake hazisikii tena terbinafini, dawa ambayo ilikuwa tegemeo. Mwaka 2023 Marekani ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, mjini New York. Kuvu ya mapajani imepanda ndege.

Lakini hasara ambayo mimi naiona karibu haiko kwenye maabara. Iko kwenye neno "siri". Mwenzangu mmoja wa promosheni, mwenye mke na mtoto, alipata alama mapajani. Mke akaziona. Kwa sababu megafoni, farmasi na jirani wote wanaiita "ile ya fasi ya siri", mke alielewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: kwamba imetoka kwa mwanamke mwingine. Wiki tatu alilala kwa mama yake, ng'ambo, Lubunga. Na mikoze ile ilitoka wapi? Kwenye miguu yake mwenyewe, katikati ya vidole, ilikokaa tangu enzi za kuvaa buti za mpira kwenye mashamba ya majaribio. Alikuwa anavaa chupi kupitia miguu ile kila asubuhi. Ni kweli kuvu inaweza kupita kutoka ngozi ya mtu hadi ya mwingine, hata kitandani, hata kwa taulo moja. Ila haiombi uzinzi ili ifike. Hakuna tyubu, hakuna notisi, hakuna megafoni inayosema sentensi hiyo moja ambayo ingemrudisha mama wa watu nyumbani.

Neno hilo hilo ndilo linaloning'iniza chupi zetu ndani ya nyumba. Dada zetu wamefundishwa kuzianika chini ya kitenge ili mpita njia asione. Wanaume wanazianika nyuma ya mlango. Jua la Kisangani, ambalo ni bure, ambalo linakausha, linanyimwa nguo pekee iliyolihitaji. Kisha tunanunua pomadi.

Afishi nitaipita haraka. Afishi za vituo vya afya zinapenda magonjwa yenye mwanzo na mwisho. Nitaipa sifa moja: wakati wa mpox, hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, tulisikia mchana kweupe, kwenye redio, mbele ya wakwe, kwamba ngozi ya sehemu za uzazi inaweza kuwa na vidonda na kwamba mtu aende aonyeshe. Neno lilitamkwa bila sauti kushuka. Ni hatua. Lakini aliyekuwa na mikoze ya miaka alijikuta anaogopa mara mbili, kuonekana mchafu na kuonekana mwenye mlipuko.

Je, kuna andiko lolote katika mkoa wetu linalosema ukweli kuhusu ugonjwa wa ngozi usioisha? Liko, na sijawahi kusikia mtu akilisifu kama andiko. Ni maneno ya mgawaji wa Mectizan.

Wale wa vijijini wanajua. Onkoserkosi, ugonjwa wa mto, huletwa na nzi wadogo weusi wanaozaliwa kwenye maji ya kasi, na mito yenye maji ya kasi tunayo. Wengi wanaujua kwa upofu, lakini kabla ya jicho unakula ngozi: kuwashwa kusikolala, matakoni, mapajani, kiunoni, ngozi kukunjamana kama ya mzee. Ni kuwashwa kwa chini ya nguo, kama kwetu. Dawa yake, ivermektini, imetolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987. (Asili yake ni bakteria ya udongo iliyochotwa Japani, na ilianza kama dawa ya mifugo. Watu wa agronomia, tujisikie kidogo. Campbell na Ōmura walipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 2015.) Dawa hiyo inaua watoto wa mnyoo, wale wanaotembea chini ya ngozi na kuwasha. Mnyoo mzee haufi. Unaweza kuishi miaka 10 hadi 15, ukizaa.

Basi sikiliza jinsi mgawaji anavyosema. Yeye ni mtu wa kijiji, amechaguliwa na kijiji. Anakuja na kijiti cha kupimia urefu, maana dawa inatolewa kulingana na urefu wa mtu. Hakuna mizani, hakuna Kilatini. Anataja asiyepaswa kumeza: mtoto mdogo, mama mjamzito, mgonjwa sana. Anasema mwili unaweza kuvimba na kuwasha zaidi siku za kwanza, na asemacho kinatokea. Na mtu akimuuliza itaisha lini, hajibu siku tatu. Mgawaji mmoja nilimsikia kwenye stazhi, upande wa Opala, akimjibu mzee aliyekasirika:

"Papa, bazazi ya ile minyoo iko ndani, itazeeka na weye. Siye tutakuja kila mwaka. Mwaka kesho ukiniona, usikimbie."

Kama kuna zawadi ya nathari ya Tshopo, mimi ningempa. Angalia alichofanya. Hakuahidi kupona. Ameweka muda, na muda ni mrefu, na amejiweka mwenyewe ndani ya muda huo. "Tutakuja." Megafoni haiwezi kusema hivyo, kwa sababu kesho itakuwa soko lingine. Notisi haiwezi, kwa sababu haina mtu. Na mzee yule alinung'unika, akasimama kando ya kijiti, akameza.

Katika kahawa tuna ugonjwa wa kuvu unaonyausha mti mzima, tracheomikozi. Hauna dawa. Unang'oa, unachoma pale pale, unapanda aina inayovumilia. Hakuna mtaalamu wa kilimo anayemwendea mkulima wa robusta na kumwambia siku tatu. Angefukuzwa na panga. Kwa nini mkulima yule yule, akivua suruali, anakubali kuambiwa hivyo?

Nimejaribu kuandika notisi yangu, kwa maneno ya mtaani, ya kubandikwa kwenye farmasi, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Daktari mmoja ameisoma na kurekebisha. Iko hivi:

"Hii njo mikoze. Haiko ugonjwa ya umalaya. Paka dawa ya kuvu, kama klotrimazoli, asubui na mangaribi, juu ya alama na vidole mbili inje yake. Alama ikipotea, usiache: ongeza wiki mbili. Angalia katikati ya vidole vya miguu. Kama iko pale, paka na pale, na uvae soksi mbele ya chupi. Kila mutu na taulo yake. Kausha muzuri kisha kuoga. Chupi ianikwe ku jua, ao ipigwe pasi. Pomadi yenye kufanya mutu mweupe, hapana kwa mapaja. Kama mwezi unaisha na haitoke, kama iko na vidonda, kama inatosha maji, enda kwa dokta, inaweza kuwa kitu ingine. Inaweza kurudi. Ikirudi, unaanza tena."

Daktari alisema mstari wa mwisho utafukuza wateja. Kijana wa farmasi, yule aliyecheka, alisoma yote akiwa amesimama, akasema ni mzuri ila kuna neno moja hapana. Anataka tutoe "mapaja", tuweke neno la pale penyewe. Kiswahili cha vitabu kina "kinena", na hapa Kisangani sijakutana na mtu mmoja anayelisema. "Fasi ya siri" siitaki, mnajua sasa kwa nini. Ndugu wa Lubunga, wa Yangambi, wa Isangi, wa Banalia: kwenu, mama akimuogesha mtoto, pale anapaitaje?